Madam Aliyepanda Ndege Kwenda Kupiga Kura

Mpwa wangu Bakari,

Salamu kutoka Dubai! Joto la leo limebabua rangi ya gari, lakini mjomba wako, dereva nambari moja mtaa mzima wa Al Warqa, anaendesha kwa kidole kimoja.

Asubuhi nilimbeba madam wangu, Mzungu wa Ayalandi. Akanisimulia kwamba kwao wananchi waliwahi kuulizwa kwa kura: wanaume wawili waruhusiwe kuoana, au la? Kaka yake alikuwa akisubiri jibu. Basi madam akapanda ndege kutoka hapa, akapiga kura, kesho yake akarudi kazini.

"Safari yote hiyo kwa kura moja, madam?"

"Juma, nisingeenda, ningemtazamaje kaka yangu?"

Waliosema ndiyo wakashinda. Akanionyesha picha ya harusi: kaka, mwenzake, na mama mzee katikati akilia kwa furaha.

Wanijua, dini yangu ndoa hiyo haiikubali. Lakini leo, kwenye taa nyekundu, niliikodolea macho picha ile. Taa ikawa kijani, bado naitazama, mpaka nikapigiwa honi. Karatasi moja ya kura, Bakari, kufika mpaka ndani ya nyumba ya watu!

Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba kura ni ya wasio na kazi. Yafute maneno yale. Kajiandikishe kesho, nami naenda kujiandikisha ubalozini, tuone nani atawahi.

Mkumbatie dada yangu, mama yako, mpaka alalamike.

Mjomba Juma