Amri ya Kumnyamazia Makame

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeanua karafuu mapema, wingu limetanda. Mama kachambua kidogo tu, kaingia ndani. Nilikwenda Mtambile kununua sukari. Wanawake wawili dukani walinyamaza nilipofika. Najua walikuwa wakisema nini: kwamba kaka yangu Makame alijinyonga mahabusu. Pole yenyewe hawaitoi tena. Mama sijamwambia, na simwambii.

Jumatano, 5 Novemba
Sijalala vizuri. Nawaza uchunguzi wa kifo cha Makame. Mzee Kombo, aliyemwosha maiti, alikula kiapo mbele ya hakimu: shingo safi, haina alama. Mgongo na mikono ndiyo iliyovilia damu. Nilikuwamo mahkamani, nimesikia. Siku ya pili hakimu akaweka amri kwamba yaliyosemwa mle yasitangazwe redioni wala gazetini. Eti kuna maombi yameletwa. Na nani? Hakusema. Nikienda kuyasema mimi, wataniambia damu nzito kuliko maji. Mtaa umebaki na uongo wake.

Alhamisi, 6 Novemba
Mzee Kombo kaniona njiani, akakata kichochoro. Mtu aliyekuwa hanipiti bila kuniulizia mpaka mbuzi wangu! Wamempa kitu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 10 Novemba
Mwandishi mmoja wa redio kapeleka ombi Mahkama Kuu, mjini Chake. Anataka jaji aipitie amri ya hakimu. Nilikimbia kumwambia Mama.

Hakufurahi. Aliuliza, "Wataka wamsome redioni?" Nikasema ndiyo. Akainuka kwenda kuchochea kuni, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Wamemtisha. Hata Mama wamemfikia. Simwamini mtu tena.

Jumanne, 18 Novemba
Mahkamani Chake. Mama kang'ang'ania kuja. Mzee Kombo alikaa nyuma, macho chini. Nilimkodolea mpaka shingo ikaniuma.

Mwanasheria wa Serikali akasimama. Amri hii, akasema, haikuombwa na Serikali wala polisi. Iliombwa na mzazi wa marehemu.

Niligeuka. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

Jaji alipomuuliza, akasimama. "Ni miye. Mwanangu kaoshwa ndani ya pazia. Mwosha n'limwomba asinene tena na mtu. Sitaki mwanangu avuliwe nguo redioni."

Hasira zilinipanda, kisha aibu. Nimewatuhumu watu kijiji kizima, na aliyefanya nakula naye sinia moja.

Kisha wakili wa mwandishi akasema kwa upole, "Bibi, kwa kuwa yaliyosemwa hayatangazwi, huko nje watu wanasema mwanao alijinyonga."

Mama hakumtazama wakili. Alinigeukia mimi. "Nawe wajua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimficha yeye, yeye akanificha mimi, na Makame kati yetu akibebeshwa dhambi asiyoitenda.

Akashika benchi. Sauti yake sijawahi kuisikia vile. "Basi semani. Mgongo semani, mikono semani. Mwanangu hakujiua."



Alhamisi, 20 Novemba
Jaji kaiondoa amri. Sehemu za siri za marehemu tu ndizo zisizotajwa. Nani alimpiga, uchunguzi bado haujasema. Hao wa mahabusu nawashuku na nitaendelea kuwashuku.

Asubuhi Mzee Kombo kapita. Hakukata kichochoro. Kaulizia mbuzi. Nikamjibu mmoja kazaa, nikamtilia chai.

Saa ya taarifa ya habari ya mchana Mama kaitoa redio nje uani mwenyewe, akaiweka pembeni ya jamvi la karafuu. Walipomtaja Makame kwa jina lake na la baba yake, aliacha kuchambua. Walipofika mgongoni, akajifunika uso kwa kanga. Nikanyoosha mkono niizime.

Kaushika mkono wangu. Kaushika hivyo hivyo mpaka wakamaliza.