Gango Lililofunguka Mbele ya Tanuri

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko maabara. Huku wazima, ila mimi na huu mkono uliovunjika, nawe wajua. Unakula? Usinijibu "nakula", niambie unakula nini.

Gango lako la plastiki la kushika mfupa limefika. Nikalitia kwenye maji ya moto kama ulivyosema, likalegea kama kitambaa. Nikalizungusha kwenye kifundo cha mkono, lilipopoa likawa gumu. Fundi viatu wa jirani kaligonga, kasema, "Binti yako mchawi." Daktari alitaka kunifunga plasta, nikamwambia akae nayo, mimi nina mtoto.

Ni mimi,
Mama yako

19 Machi

Mwanangu,

Habari za kazi? Za kwangu mbaya, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jana natoa mikate tanurini, gango likafunguka, wateja wakiona. Likajinyoosha bapa, vilevile lilivyotoka kwenye bahasha, na trei nzima ikanielemea. Mfupa umeachana tena. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira haijaisha. Mfuko wa sokoni una adabu kuliko hicho kitu.

Lakini si wewe niliyekukasirikia. Nimemwandikia mkuu wako, anwani ilikuwa kwenye bahasha. Nimemwambia asiwafanyishe watoto wa watu kazi ya kubahatisha, na kama ana mama, akamfunge huyo kwanza.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pole na mkono. Mimi mzima wa mwili.

Mkuu kaisoma barua yako mbele ya wenzangu wote. Hakuwa anajua. Gango nililitoa maabara bila ruhusa, kwa sababu uliniandikia kwamba hulali kwa maumivu. Leo nimerudisha funguo. Sina kazi.

Plastiki ile ni nyuzi ndefu zilizolala tu pamoja. Kazi yangu ilikuwa kuzifunga mafundo kwa kemikali, ili istahimili uzito na bado ikumbuke umbo lake. Mafundo yakiwa machache, inalegea ikipata joto na kuelemewa, inarudi bapa. Yakizidi, inavunjika kama biskuti. Lako lilikuwa na machache. Ndiyo maana niliandika kwenye bahasha kwa wino mwekundu: usisogelee moto. Ukaniahidi umefunga tanuri. Uliniahidi, mama.

Na kwa nini hukuniuliza mimi kwanza? Unanipigania vita nisivyokutuma, tangu shule. Usinijibu.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, nusu.

Nisijibu? Nani kakufundisha kumwambia mama yako hivyo? Barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaitupa tena.

Ndiyo, nilioka. Ulitaka nikunje mikono nile hewa? Nimekosa, haya. Na wewe je? Ulijua mafundo hayatoshi, ukanifunga, ukanyamaza. Wino mwekundu wa nini? Ungeandika tu: mama, kitu hiki bado hakijakomaa. Ningekivaa vilevile, maana ni chako, ila ningejua nimevaa nini. Mimi nilitembea mtaa mzima nakusifu.

Daktari kanifunga plasta. Aligeuka, akacheka na ukuta. Anasema mfupa unaweza kuunga umepinda, na mkono uliopinda haukandi unga. Basi tumekosa kazi wote wawili, tutazamane.

Mama yako

6 Mei

Mwanangu,

Sijui kama u mzima, maana hujaandika. Nauliza hata hivyo.

Plasta wameitoa. Mkono umepinda kidogo. Donge dogo naliweza, kubwa linanishinda. Tanuri nalitazama tu.

Nimemwandikia mkuu wako barua nyingine. Nimemwambia mwanangu alichukua kitu kwa ajili ya mama yake, si kwa kuuza; na aliyesogeza mkono kwenye moto ni mimi, nikijua nimekatazwa. Sikumtukana, ila mwishoni kidogo.

Sijaituma. Imo humu ndani, bahasha yake sijaifunga. Isome wewe kwanza. Ukiona inafaa, itume. Ukiona haifai, ichane, wala sitauliza.

Bado nimekukasirikia.

Mama yako