Nani Alishika Shoka

Mkolani,
Mwanza.
9 Novemba 1997

Mpendwa kaka Otuoma,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Ujerumani haijaanza kuwabana vifua. Sisi huku tunashukuru Mungu. Winnie alilazwa na malaria wiki iliyopita, lakini sasa yuko jikoni anagombana na mkaa uliolowa. Kevin amerefuka mpaka suruali zake zote zimekuwa kama za kuazima, na sauti imeanza kukwaruza. Mama anasumbuliwa na magoti, na safari hii si magoti peke yake, kama utakavyoona mbele.

Mvua ya mwaka huu si ya kawaida. Redioni wanaiita El Nino. Barabara ya kwenda kwetu Rorya imekatika mara kadhaa na mabasi yanalala njiani. Ziwa limepanda, na upepo umesukuma magugumaji mpaka mwaloni Kirumba, mitumbwi inapita kwa taabu. Viwanda vya minofu havilali hata hivyo. Siku hizi kila kitu ni soko huria, mnofu wa sangara unapanda ndege kuja huko kwenu na sisi tunakaanga mapanki. Ukimla sangara huko, ujue mgongo wake tunao sisi.

Shuleni bado nafundisha fizikia, kidato cha tatu mpaka cha sita, kwa maabara ile ile yenye mizani moja. Nakala ya andiko lako jipya ilinifikia mwezi wa saba. Ahsante kwa kunikumbuka. Hesabu zake zilinitupa katikati ya njia, lakini maana nadhani niliipata.

Nimewaeleza wanafunzi hivi. Nyota ikimaliza kuni zake, moto unazima na uzito wake wenyewe unaanza kuikandamiza. Kinachoizuia isijikunje yote ni chembe ndogo za ndani, maana kwa sheria ya maumbile chembe mbili za namna hiyo haziwezi kukaa nafasi moja. Nafasi za chini zikijaa, zinazofuata hulazimika kupanda, na kule kubanana ndiko kunakoishikilia nyota isianguke. Ikiwa nzito mno hata hilo halitoshi, inaporomoka na kuwa zile nyota zako za nyutroni, ambazo kijiko kimoja tu kingekuwa kizito kuliko mawe yote ya milima ya Mwanza.

Jipya mlilolileta wewe na wenzako, kwa kalamu na hesabu tupu, ni kwamba katikati kabisa huenda hata hizo nyutroni hupasuka zikawa kitu kingine, na kwa nje nyota isionyeshe dalili yoyote. Uzito ule ule, ukubwa karibu ule ule. Anayeitazama toka mbali ataendelea kuihesabu pamoja na zile za zamani. Nilipoisoma sehemu hiyo mwezi wa saba nilifurahi sana. Mwezi wa tisa niliisoma tena na sikufurahi.

Unakumbuka ni wewe uliyenifundisha ile sheria ya nafasi kwa barua, nilipoanza ualimu. Uliandika kwamba Mjaluo hana haja ya kuikariri kwa sababu amezaliwa nayo: mkubwa akishaketi mahali pake ndipo mdogo apate pa kuketi. Mfano huo nimeutumia miaka yote. Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa Kisukuma, Ngosha, aliniuliza, "Na mkubwa asipoketi, mwalimu?" Nilimjibu kwamba kwenye nyota baridi jambo hilo halitokei.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimezunguka vya kutosha.

Mayala, kijana wa hapa hapa Mkolani aliyekuwa akisomea mifugo huko kwenu, alirudi mwezi wa tisa. Alileta sweta ya mama na kikokotoo changu, na tunashukuru kwa vyote viwili. Winnie alipika ugali kwa sato, tukakaa kula, na Mayala akaanza kukusifu. Alikuwa anakusifu kwa moyo mweupe kabisa, naomba usimchukie.

"Kaka yako hana makuu," alisema. "Siku anahamia kwenye nyumba yake alituita Waafrika wote, tukala mbuzi. Tena aliingia kwa mila yenu. Mtoto mbele na jogoo, mama nyuma na moto kwenye chungu, mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini."

Nilimuuliza ni lini. Alifikiri, akasema ni siku nyingi, yeye alikuwa ndiyo kwanza amefika huko, miaka mitano hivi. Winnie alinitazama, kisha akaanza kukusanya sahani ilhali hatujamaliza.

Mayala hakuona kitu. Akaendelea kusimulia alivyokukuta siku moja ukifundisha, mwaka huu huu kabla hajarudi, akaketi nyuma ya darasa kukusubiri. Anasema wanafunzi wanakupenda kwa mifano yako. Uliwaambia nyumbani una mdogo wako, mwalimu, mtu mzima mwenye mke na mtoto, na mpaka leo hawezi kujenga kwa sababu wewe kaka yake hujajenga. Darasa zima likacheka.

Nilimuuliza kama ulitumia maneno hayo, mpaka leo. Akasema ndiyo.

Kaka, mila hii unaijua, lakini acha nikukumbushe, maana naona siku hizi unaijua zaidi kwa kufundishia. Baba alituachia ule mteremko unaotazama ziwa. Wewe ufungue boma lako kwanza, kisha nifuate mimi. Mpaka hapo mimi nikienda likizo nalala na mke wangu kwenye kibanda changu cha ujana, uani kwa mama, kama kijana aliyeoa jana. Kevin, ambaye kwa umri wake halali tena paa moja na wazazi, hawezi kujengewa kibanda chake kwa sababu baba yake hana boma la kumjengea, kwa hiyo analala kwa dada Aoko, kijiji cha pili, na asubuhi anakuja kutusalimia kama mgeni. Mvi zimeniota na wenzangu kilabuni wananiuliza, "Mwalimu, bado unakula kwa mama?" Nacheka nao. Kila mwaka nacheka nao.

Na kila mwaka wewe uliandika kwamba utakuja mwakani, ukimaliza utafiti huu. Baba mdogo Obiero aliniambia zaidi ya mara moja kwamba wazee wanaweza kukaa wakatafuta njia nikuruke. Nilikataa mimi mwenyewe. Kumruka mkubwa aliye hai ni kumzika angali anapumua, na mimi sikutaka kukuzika. Nilimwambia baba mdogo, kaka atakuja. Nilisema hivyo mbele ya watu, na wewe wakati huo ulikuwa umeshalala kwenye nyumba yako na moto wako umeshawaka.

Umenisaliti, kaka. Nimejaribu neno jepesi zaidi na sikulipata.

Sikulaumu kwa kujenga huko. Mtu hujenga panapompa riziki, na mama mwenyewe alishaanza kuhisi kwamba hutarudi. Ninachokulaumu ni mstari mmoja tu ambao hukuuandika: Odera, nimejenga, nawe jenga. Ungeuandika hata pembeni mwa andiko lako, karibu na zile hesabu. Lakini ukiuandika ungelazimika kukiri kwamba hurudi, na hilo hukutaka liandikwe kwa mkono wako. Ukaona afadhali mimi nikae chini ya mvua kuliko wewe uone haya kidogo.

Mwezi wa kumi nilikwenda nyumbani kumweleza baba mdogo. Nilifikiri nitamficha mama, lakini mama yetu hafichwi, alinitazama tu nilivyoshuka kwenye basi akaniuliza ni msiba wa nani. Nikawakalisha yeye na baba mdogo nikasema yote, jogoo, moto na mbuzi.

Mama hakulia. Aliuliza tu kama watoto wako walivaa vizuri siku ile.

Baba mdogo akauliza, "Nani alishika shoka?"

Jambo hilo hata mimi nilikuwa nimemuuliza Mayala, kwa sababu nilijua swali litakuja. Kwetu anayeshika shoka mbele ya mtu anayefungua boma ni baba yake, na baba akiwa amekufa ni ndugu wa baba. Nikamwambia baba mdogo ukweli. Alilishika profesa mmoja mzee, mwalimu wako wa huko. Alielezwa asimame wapi, akasimama, wakampiga picha, naye akafurahi sana.

Unajua baba mdogo amelitunza lile shoka la baba tangu mazishi. Lilikuwa limefungwa kwenye gunia darini, limepakwa mafuta, likisubiri wewe. Aliinuka, akalishusha, akalifungua gunia. Akasema, "Basi hili sasa ni la kukatia kuni." Akaenda nyuma ya jiko la mama akaanza kupasua kuni, mzee wa umri ule, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Kaka, mimi nimekasirishwa na mengi, lakini sauti ya lile shoka kwenye magogo ndiyo iliyoninyima hamu ya kula.

Wazee walikaa Jumapili baada ya ibada. Wengine walisema nyumba ya ng'ambo bila shoka la ukoo si boma, ni nyumba tu, na kwamba kwa mila hujajenga bado. Nikaona miaka mingine inakuja. Lakini baba mdogo aliwakata kauli. "Jogoo amewika, moto umewaka, amelala na mkewe na watoto," alisema. "Amejenga. Ila amejenga peke yake." Hakuna aliyempinga, na mimi nikaambiwa njia ni nyeupe. Ilikuwa nyeupe miaka yote hiyo, na katika ukoo mzima ni wewe tu uliyejua.

Niliporudi shuleni nilimtafuta Ngosha. Nilimwambia jibu langu halikutosha. Mkubwa anaweza kuwa ameketi zamani sana na mdogo akaendelea kusimama, ikiwa hakuna aliyemwambia. Aliniambia, "Lakini chembe haziambiwi, mwalimu." Ni mtoto mwerevu.

Kuhusu nyumba yako ya ujana, ile karibu na lango, tunayoiita simba. Kila mwaka kabla ya Krismasi mama aliikandika upya kwa samadi na majivu, magoti yaume yasiume. Nikimkataza ananijibu kwamba Otuoma akija kufungua boma atatokea humo, hawezi kutokea kwenye nyumba ya wageni. Mwaka huu samadi ilikuwa imeshachanganywa nilipofika na habari zangu. Asubuhi yake aliimwaga kwenye migomba.

Hakuna mwenye ruhusa ya kuibomoa ila wewe, kwa hiyo imeachwa. Ukuta wa upande wa ziwa umeanza kumeguka kwa mvua hizi. Aoko alitaka kuegesha mabati, mama akamwambia aache, nyumba isiyo na mwenyewe haizuiwi. Nadhani haitafika Pasaka.

Mama hajasema nikuandikie wala hajasema nisikuandikie. Sweta yako anaivaa. Anasema ina joto.

Nisalimie shemeji, mwambie namna alivyobeba moto kwenye chungu Mayala anaisifu mpaka leo. Wasalimie watoto, hasa huyo aliyebeba jogoo, yeye hana kosa lolote na tungependa siku moja tumwone. Dada Aoko anakusalimu, ingawa alisema maneno mengine ambayo siyaandiki. Winnie na Kevin wanakusalimu. Baba mdogo Obiero nilimuuliza nikuandikie nini, akasema nikutakie afya njema.

Mungu akulinde huko uliko, aibariki kazi yako na nyumba yako, maana ni nyumba, nami sitaiombea mabaya. Mfano wako darasani endelea kuutumia, ni mfano mzuri na fizikia yake ni sahihi. Ila usiseme tena "mpaka leo."

Mvua ikipungua, mwezi wa kwanza, tutapanda ule mteremko wa baba alfajiri. Jogoo atabebwa na Kevin. Moto ataubeba Winnie. Shoka limenolewa upya, pengo dogo la kuni bado linaonekana kwenye makali, na atalishika baba mdogo Obiero. Nakuandikia mapema ili watu wakikuuliza nani alilishika kwa mdogo wako, usiwe na haja ya kusikia kwa mgeni.

Mdogo wako anayekupenda, na inamuuma,

Odera