Mtu wa Kutazama Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Kwanza nijue, kifua kimepona? Mara ya mwisho uliandika kwamba kikohozi kinakunyima usingizi, nami nikajua tu bado unapaka rangi nyumba za watu bila kufunika pua. Sisi huku hatujambo. Mama analalamikia magoti, halafu anapanda ngazi mbio kuliko mimi. Baba ni mzima, na gongo lake la kutembelea ni lile lile.

Habari kubwa ni ya boti. Tangu daraja lifunguliwe, abiria wa kuvuka ziwa wametukimbia wote. Boti ikabaki chini ya turubai, kuku wakataga humo. Baba akawa mtu wa kukaa dirishani bila neno, na mimi ukimya wa Baba nauogopa kuliko ukali wake. Ndipo akaja mwalimu wa kuogelea wa shule ya ng'ambo ya ziwa, mama mmoja mcheshi, akauliza kama tunaweza kuwavuta wanafunzi wake wanaojifunza kuteleza juu ya maji kwa mbao miguuni. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Si unanijua.

Kumbe kuvuta mtu si kufunga kamba na kuondoka! Mimi nilikuwa nimeshaifunga kwenye injini yenyewe. Fundi tuliyemwita alicheka mpaka akakaa chini, akasema nikivuta hivyo injini haitageuka na boti itanishinda. Akatoboa ubao wa nyuma, kushoto na kulia kwa injini, akapitisha bolti mbili zenye pete, na kwa ndani akaweka vipande vya chuma ili ubao usipasuke. Kati ya pete akafunga kamba fupi yenye kapi na boya. Kamba ndefu inashikwa na kapi hilo, basi anayevutwa akienda kushoto au kulia, boti haiyumbi, na boya linazuia kamba isiingie kwenye mapanga ya injini yanayozunguka majini. Kisha akafunga kioo cha kutazamia nyuma mbele ya dereva. Lakini akasema kioo hakitoshi. Lazima awepo mtu aliyekaa kuelekea nyuma, asiye na kazi nyingine ila kumtazama anayevutwa, na dereva asiguse mkono wa mafuta, ule wa kuongeza kasi, mpaka mtu huyo aseme tayari.

Baba akasema kazi hiyo ni yake. Mama akaja juu, akasema boti hiyo ilishamla mguu, sasa inataka nini tena. Baba akamjibu taratibu kwamba macho haikuyala.

Juzi, kabla hatujaishusha majini, fundi akakagua waya wa mkono wa mafuta, ule ule uliouweka wewe siku moja kabla ya ajali. Akasukuma mkono mbele, akaurudisha nyuma, mara tatu. Akasema aliyeufunga ni fundi hasa, waya haujalegea wala haujawahi kukwama, na injini haiwezi kujirusha yenyewe kwa waya kama huo. Baba aliniangalia. Mimi nikajifanya natafuta spana, nayo iko mkononi mwangu.

Kaka, kama umesimama, kaa kwanza.

Miaka sita umebeba mzigo usio wako. Siku ile Baba alipoinama nyuma kuondoa magugu kwenye mapanga, injini ikinguruma, aliniambia ningoje mpaka aseme tayari. Sikungoja. Nilidhani amekwisha, nikasukuma mkono bila hata kugeuka; boti ikaruka, Baba akatumbukia, mapanga yakamkata mguu. Watu walipouliza, nikasema imejirusha yenyewe. Mmoja akakumbuka kwamba wewe uliigusa jana yake, wote wakakugeukia, nami nikanyamaza. Nilikusindikiza mpaka kituoni na mfuko wako mmoja, ukaniambia nimtunze Baba kwa sababu wewe umemharibu, na hata pale sikusema. Niliogopa. Sina sababu nyingine, nimeitafuta sana.

Juzi hiyo hiyo nilimwambia Baba, Mama akiwepo. Mama alilia, akaacha kunisemesha mpaka leo asubuhi aliponisukumia kikombe cha chai. Baba akasema, "Mwandikie wewe mwenyewe. Na umwambie nilimwacha aondoke bila kumuuliza. Hilo ni langu."

Leo tumemvuta mwalimu. Ameanguka mara nne, ya tano akasimama akipiga kelele za furaha mpaka Mama akatoka nje kuona nani anazama. Safari moja Baba alichelewa kusema tayari, nadhani makusudi. Nikangoja nikitazama kisogo chake kwenye kioo, na mkono wa mafuta sikuusukuma.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Njoo uniseme uso kwa uso, na ukitaka kunizaba kofi, shavu ninalo. Lile jina la Kiherehere ulilonipa utotoni tulilicheka wote, kumbe lilikuwa onyo.

Mama anakusalimu, anasema ufunike pua. Mwalimu na fundi wanakusalimu pia, ingawa hawakujui. Baba nimemwuliza kama ana salamu, akachukua ufagio. Yuko chumbani kwako anafagia, gongo mkono mmoja, ufagio mkono wa pili, na hataki nimsaidie.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Kiherehere