Maji Yaliyotolewa Kifuani Mwangu

Glasgow,
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Mulembe, Mama. Mulembe kwa wote wa bomani. Naomba barua hii ikukute goti lile limepoa, na mvua imewakumbuka huko Malava kabla mahindi hayajanyauka. Nanjala wangu anaendeleaje? Nasikia amekupita kwa urefu na bado anaongeza. Mwambie mamake ameuliza habari zake kabla ya kuuliza za ng'ombe wala za shamba.

Barua hii utaletewa na Everlyne, binti wa Khwisero ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Anakuja likizo, na ameniahidi atakukabidhi mkononi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia, wewe ungelia, na jambo lenyewe lisingesemwa. Vaa miwani, kaa chini, usome mwenyewe polepole.

Kwanza nisamehe. Nilipokuambia nina homa ya mapafu nilikuficha, Mama. Ilianza asubuhi moja nikimwinua mzee mmoja kutoka kitandani, kazi ambayo nimeifanya miaka yote hii bila shida. Siku hiyo nilimfikisha nusu, pumzi ikakatika kabisa. Yule mzee ndiye aliyenishika mimi. Nikasema ni uchovu. Baada ya wiki mbili nilikuwa napumzika mara tatu kwenye ngazi za kwangu, na upande wa kulia ulikuwa mzito kama nimebeba gunia ndani.

Hospitalini walipiga picha wakaona maji. Si ndani ya pafu, bali katikati ya pafu na mbavu. Walinikalisha nimeegemea meza, wakaingiza sindano mgongoni, yakatoka maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa, karibu yajaze ile jagi yako ya uji. Nilipumua vizuri siku hiyo hadi nikacheka. Nikadhani yameisha. Siku kumi baadaye yalikuwa yamerudi.

Daktari wangu ni mama wa makamo, mtaratibu, anaongea akikutazama machoni. Aliniambia wameona kwenye maji chembe ambazo hawazielewi. Huenda zimechokozwa tu na ugonjwa mwingine, au huenda ni saratani, na kwa kuangalia umbo peke yake mtu anaweza kukosea.

"Kwa hiyo hamjui?" nikamuuliza.

"Bado. Tutapima jeni za hizo chembe zilizo kwenye maji. Zitatuambia kama zimeharibika."

Kisha akaanza kuniuliza kazi nilizowahi kufanya. Nikamwambia nimefundisha watoto wadogo Mautuma, nimeuza nguo sokoni, kisha nikaja huku kulea wazee. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi melini au kwenye ujenzi. Nikamwambia hapana.

"Na baba yako?"

"Alikuwa fundi wa kuezeka nyumba."

"Kwa mabati gani?"

Mama, hapo ndipo nilipokumbuka. Unakumbuka yale mabati ya kijivu, mazito, yaliyokuwa kama simenti? Baba alikuwa akipenda kuyakatia nyumbani, pale mbele ya jikoni, kwa msumeno wa mkono. Mimi nilikuwa nikishika upande mmoja na Shikuku upande wa pili ili yasitikisike. Vumbi lilikuwa laini kama unga wa muhogo. Tulikuwa tunachekana nyusi zikiwa nyeupe, tukijiita wazee. Na wewe ndiwe uliyekung'uta zile ovaroli kabla ya kuzifua.

Nikamweleza yote. Daktari akaacha kuandika. Akaniuliza, "Nani mwingine alikuwa akishika?"

Nikasema, "Ndugu yangu."

Ndani ya mabati yale kuna kitu kinaitwa asibesto. Ni nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtu akizivuta zinakaa kifuani miaka thelathini, arobaini, kimya kabisa, kisha zinaamka. Baba hakujua, na waliomuuzia pale dukani labda hawakujua pia. Sisi tulidhani ni vumbi kama vumbi lingine.

Nilingoja majibu zaidi ya wiki mbili. Siwezi kukuelezea siku zile. Siku moja nilikuwa namlisha bibi mmoja uji, nikasahau kijiko hewani, naye akaningoja amefungua mdomo kama mtoto. Nikiomba, maneno yalikuwa yanakwisha baada ya "Baba yetu", nabaki na hofu tupu.

Walipoita, nilienda na Everlyne. Daktari alivuta kiti akakaa karibu, nikajua.

Akaniambia kuna jeni ambayo kazi yake mwilini ni kama breki, inazuia chembe zisikue ovyo. Kwenye chembe za maji yangu jeni hiyo imepotea, haipo kabisa. Chembe zilizochokozwa na homa haziipotezi. Kwa hiyo si homa, Mama. Ni saratani ya ile ngozi nyembamba inayofunika pafu. Inaitwa mesothelioma.

Everlyne alinishika mkono. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na lilikuwa la Nanjala. "Hiyo breki iliyopotea, nilizaliwa bila hiyo? Nimemwachia mwanangu?"

Akasema ndiyo maana walinitoa damu pia. Kwenye damu jeni yangu ni nzima. Imeharibikia kifuani tu. Nanjala hakurithi hilo kutoka kwangu. Hapo ndipo nililia, na nilishukuru Mungu nikilia.

Nimeanza dawa, naingiziwa kwenye mshipa kila baada ya wiki tatu. Zinausaidia mwili upigane wenyewe. Naumwa viungo, chakula hakina ladha, lakini natembea. Hakuniambia nina muda gani, nami sijamuuliza. Naogopa, Mama. Sitakuficha tena.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi nilimpigia Shikuku nimweleze. Kabla sijasema neno akaniambia kwa furaha kwamba Jumamosi iliyopita alianza kubomoa paa la ile nyumba ya zamani aliyoijenga Baba. Anataka kuweka mabati mapya. Akasema, "Yale ya zamani ni magumu, dada, nilikuwa nikiyapiganga nyundo ndiyo yatoke." Nikamuuliza nani anasafisha. Akajibu, "Nanjala. Ameyafagia vizuri sana."

Nilikaa chini sakafuni.

Nilipomwambia aache, alicheka. "Sisi tumelala chini ya hayo mabati maisha yetu yote, na sijafa." Ni kweli, yakiwa mazima juu hayana shida kubwa. Hatari ni kuyavunja na kuyakata. Mwishowe alisema ataacha mpaka barua yangu ifike, lakini najua Shikuku, anakusikia wewe peke yako. Mama, mkataze. Asiguse bati lingine hata moja. Yale yaliyovunjika yamwagiwe maji, yafunikwe kwa nailoni. Msifagie, vumbi lilowekwe na kupanguswa kwa tambara bichi, na tambara lisitumike tena. Nanjala asikanyage hapo. Shikuku aende kwa ofisi ya mazingira ya kaunti aulize jinsi ya kuyatoa.

Kuna la pili, na ni zito. Baba alipovimba kifua tulisema ni kifua kikuu. Dawa ziliposhindwa, tulisema amerogwa na Senge Rasoa, dada yake mwenyewe, kwa sababu waligombana juu ya mpaka wa miwa na yeye akasema, "Utaona." Tangu mazishi hakuna aliyemwomba hata chumvi. Nilikuwa mmoja wao. Nilimpita njiani kama mti. Siwezi kuapa juu ya Baba, kwa kuwa hakupimwa, lakini mimi nilishika bati lilelile na ninaumwa pale pale. Nenda kwa Senge, tafadhali. Usingoje nije. Mwambie Nekesa ameomba msamaha, na wewe mwombe la kwako.

Na twende kwa Shikuku tena. Wakati tukiongea alikohoa mara mbili. Akasema ni vumbi la miwa. Baada ya hapo sikusikia alichosema. Mpeleke Kakamega hospitalini akapigwe picha ya kifua, hata kama hajisikii mgonjwa. Kwenye karatasi ya pili nimeandika asibesto na jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, amwonyeshe daktari kama yalivyo.

Nisalimie mchungaji na kina mama wa kwaya. Nisalimie mke wa Shikuku, umwambie asifue nguo alizovaa akibomoa, azifunge zitupwe. Msalimie mjomba anayekata miwa Kabras. Mkumbatie Nanjala, umwambie nitampigia Jumatano, na nitamweleza mwenyewe.

Sijawahi kukuambia nilichokiona siku Baba alipotolewa maji ya kifuani wodini. Lilijaa beseni, na mhudumu akalibeba akaenda kuyamwaga nyuma. Hakuna aliyekosea, kwani hakuna aliyejua yana la kusema. Ila Shikuku akikutwa na maji, Mama, simama hapo mlangoni, uwaambie yasimwagwe.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Nekesa