Pikipiki Imepona

Dada yangu,

Huku tunashukuru. Mama anakusalimu, na lile paa limeacha kuvuja.

Nilipokuwa hospitali baada ya kugongwa na gari, wenzangu wa kijiweni ninapongojea abiria walichanga, wakanyoosha usukani, wakafunga taa mpya, wakaiosha pikipiki ikang'aa kama ya dukani. Hawakutaka nitoke nikaone chuma chakavu. Basi mkaguzi wa bima alipofika kutazama uharibifu, mwenyekiti wetu akaiwasha kwa madaha: "Hebu sikiliza mashine hiyo, bosi!"

Mkaguzi akapiga picha. "Mimi sioni ajali hapa," akasema, akaenda zake. Bima wamekataa madai yangu.

Ningewagombeza vipi? Shukrani ya punda ni mateke, nami si punda. Niliwapa mkono mmoja mmoja.

Ila goti, dada, daktari anasema halitakunjika tena. Mama hajui. Wenzangu nao sijawaambia, maana kila asubuhi wanakuja kuiwasha pikipiki chini ya dirisha langu, nisikie inavyoningoja.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye pikipiki nzima.