Bei ya Bitabu Byako, Yaya

Yaya Ilunga, mukubwa wangu,

Ni mimi Feza, mudogo wako. Miezi saba imepita tangu tulikuzika hapa ku kambi ya wakimbizi, Mantapala, na muda huo wote niliogopa kukuandikia. Nilipeleka sanduku yako ku soko ya Kashikishi, kule ku ziwa, Yaya. Bitabu byako bimepimwa bei. Sasa ninajua kile ulinificha.

Binti yako Mado alipata nafasi ya kusoma uuguzi. Barua yake ilifika wiki tatu kisha wewe kufariki. Alinisomea mara mbili, halafu akaangalia sanduku, na mimi nikaangalia kule kule. Kabla ya vita, wewe njo ulikuwa unatuambia, "Masomo ya Mado iko mule ndani." Tangu ujana wako ku Pweto, kwetu, ulikusanya bandesine, bile bitabu bya hadithi ya picha, byenye bilichapwa Lubumbashi zamani. Batu balikucheka. Siku tulikimbia vita, wengine balibeba unga na masufuria, wewe ulibeba sanduku ku kichwa, Mado anakushika shati.

Nilisikia kama kuko muzee mumoja anavuka ziwa kutoka Kilwa ya kwetu, ananunua bitabu bya zamani na kubiuzisha kwa batu ba Ulaya. Nikafunga sanduku ku baiskeli, nikaenda.

Muzee alinawa mikono kwanza. Ilinipendeza, juu wewe pia ulikatalia mutu kubigusa kama ametoka kula samaki. Akatandika kitambaa safi ku meza, pale nyuma ya soko kwenye banamuke banaanika chisense, bale samaki badogo, akatoa kitabu kimoja kimoja. Aliangalia pini zenye zinashika kurasa, kama zina kutu. Alihesabu kurasa. Alinusa. Bingi aliweka mukono wa kushoto, na mara moja nikaelewa kama kushoto hakuna kitu.

Halafu akafika ku bile sita bya hadithi moja, bile ulikuwa unafungia ndani ya nguo. Mikono yake ikaenda polepole. Aliniambia bilichapwa kidogo sana, kuko batu banabitafuta miaka na miaka. Nikaanza kuona Mado na nguo nyeupe ya hospitali. Kweli, Yaya, nilimuona.

Akafungua cha kwanza. Jalada haiko. Akafungua cha ine. Kurasa za katikati haziko, na mahali pake kuko zile ulichora wewe mwenyewe na kalamu ya bic, mwaka wetu wa kwanza hapa, ukiinama karibu na mulango. Mimi nilidhani unajifurahisha tu.

Aliziangalia sana. Akasema, "Mukono ya huyu mutu ni muzuri. Lakini haina bei." Akaongeza, "Kama zile za kweli zingekuwako, mutoto wenu angesoma mupaka mwisho. Nani alizipasula?"

Nilimujibu sijui.

Ninajua, Yaya. Ni wakati wa kukimbia, tulikuwa hatujavuka mupaka. Mvua ilinyesha tangu asubui, Mado ana miaka kumi, homa inamutetemesha, na wewe ulikuwa umeenda kutafuta mutu wa kutupitisha. Kuni zote zililowa. Mule sandukuni njo mulikuwa karatasi kavu peke yake. Nilipasula zenye mukono ulifikia, bila kuangalia, nikawasha moto, nikamulaza mutoto karibu. Uliporudi, ulisimama mbele ya majivu. Mimi nikaanza kujitetea. Wewe ukasema, "Mudogo, ni karatasi tu. Mutoto analala." Ukaketi chini, na hatukuizungumuza tena.

Kumbe siku ile ulijua. Ulijua ni kitabu gani, ulijua bei yake, na miaka yote hii ulikula ku meza moja na mimi bila neno. Kwa nini hukunigombeza? Ungenigombeza, leo ningekuwa na kitu cha kushika. Sasa niko na huruma yako tu, na inanilemea.

Muzee alichukua kumi na moja bya mukono wa kushoto, akanipa kidogo. Nilinunua unga. Bile sita nilikatala kuuza, juu michoro yako iko ndani, ata kama nafasi ya Mado ilipita, mwingine akaikalia. Mado sasa iko Kashikishi, anaanika chisense ya wengine, mikono imepasuka na chumvi. Aliniuliza mara moja, "Tantine, muzee alisema nini?" Nilisema muchwa uliharibu bitabu. Akasema sawa. Hakulia. Ningependa angelia.

Nyumba ni kimya. Batoto ba jirani hawakuji tena kusoma ku mukeka wako. Ninalima, ninapika, ninalala, na kila kitu ninafanya kama mutu anafanyia mwingine kazi. Kuomba, siombi vizuri tena.

Siwezi kukuomba unisamehe, juu ulishanisamehe wakati mimi mwenyewe sikujua kosa yangu ni kubwa namna gani. Lakini Mado hajasamehe, juu hajui. Siku ya mungu, njo Jumapili, kisha kanisa, nitashuka Kashikishi na bile bitabu sita, nitamufungulia cha ine, na nitamuambia ni mikono yangu. Nitamuambia moto ulikuwa kwa ajili yake, apate joto. Kama atanifukuza, nitaenda. Ninakuahidi, Yaya, sitamutajia tena muchwa.

Pumuzika. Siku nitakufuata, usiningojee na jibu ya huruma tena.

Mudogo wako,
Feza